Aliyejua Akanyamaza

Chini ya kiti cha nyuma cha Toyota Aqua, upande wa mbele palipo na miguu ya abiria, kuna tundu lililofunikwa kwa vijiti vya plastiki. Wengi huweka mikoba na viatu hapo bila kujua kazi yake. Nyuma ya tundu hilo kuna feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari na kuipitisha kwenye betri kubwa ya haibridi ili isichemke. Gari likishazunguka miaka kadhaa kwenye vumbi la Goba na Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, fundi akilifungua hukuta nywele, nyuzi za zulia, vumbi lililoganda na pengine ganda la pipi. Feni iliyoziba haipigi kelele siku ya kwanza. Joto hupanda kidogo kidogo, betri huzeeka kabla ya umri wake, na siku gari linapooshwa, kupigwa polishi na kutangazwa, hakuna anayeinama kuchungulia pale.

Kasoro ya namna hiyo, ambayo mnunuzi haioni lakini muuzaji anaijua au angeweza kuijua, imewashughulisha wanafalsafa na wanazuoni kwa zaidi ya miaka 2,000. Je, anayeuza analazimika kusema? Akitamka kwamba anauza gari kama lilivyo, ameshatoka kwenye lawama? Na vipi yule aliyejitahidi asijue, ili akiulizwa aweze kujibu kwamba hajui?

Dar es Salaam maswali haya yana uzito wa fedha, kwa sababu haibridi za zamani, yaani magari yanayotumia injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, zimekuwa kimbilio la watu wanaoishi mbali na kazi. Hesabu yao ni rahisi. Mfanyakazi anayetoka Kibaha hadi Posta, katikati ya jiji, husafiri kama kilomita 40 kwenda na 40 kurudi. Kwa siku 22 za kazi ni kilomita 1,760 kila mwezi. Gari la kawaida linalokwenda kilomita 10 kwa lita litatumia lita 176. Haibridi yenye afya ikienda kilomita 20 kwa lita itatumia lita 88. Petroli ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, kiwango ambacho bei kikomo za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, zilikivuka mwaka 2022, akiba ni shilingi 264,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni zaidi ya milioni 3. Kwa familia inayolipa ada na kodi ya nyumba kwa mshahara mmoja, hizo ni fedha za kubadilisha maisha.

Sababu ya akiba hiyo ni namna gari lilivyoundwa. Dereva akikanyaga breki, sehemu ya nguvu ambayo kwenye gari la kawaida ingepotea kama joto hurudishwa kwenye betri kwa umeme. Foleni ikisimama pale Ubungo, injini huzima yenyewe, na gari likisogea taratibu husukumwa na mota. Ndiyo maana watu husema haibridi inanusa tu mafuta. Kwenye barabara ndefu isiyo na foleni, mwendo ukiwa mkubwa na wa aina moja, faida hiyo hupungua. Haibridi ni gari la mjini hasa, la mtu anayekwenda na kusimama, kwenda na kusimama.

Yote hayo yanategemea betri. Katika Prius ya kizazi cha pili, iliyoanza kuuzwa mwaka 2003, betri ina vipande 28, kila kimoja kikiwa na seli 6 za nikeli zenye volti 1.2, jumla seli 168 na volti 201.6. Aqua, iliyoingia sokoni Japani Desemba 2011, ina vipande 20 na volti 144. Vipande hivyo vimeungwa kimoja baada ya kingine kama mlolongo, kwa hiyo kimoja kikidhoofika vyote vinavutwa chini. Kompyuta ya gari ikiona tofauti kubwa kati yao huwasha taa ya onyo kwenye dashibodi na kuhifadhi msimbo P0A80, unaomwambia fundi kwamba betri inahitaji kubadilishwa. Hapo ndipo akiba ya mwaka mzima inaweza kuondoka kwa siku moja.

Lakini taa huzimika. Mtu mwenye mashine ya kupimia huchomeka kifaa chini ya usukani, hubonyeza kitufe na kufuta msimbo, na dashibodi inakuwa safi kabisa. Betri haijapona. Kompyuta imesahaulishwa tu, na gari litalazimika kuendeshwa tena, pengine siku kadhaa, kabla kompyuta haijaona tatizo na kuwasha taa upya. Katika siku hizo gari hujaribiwa barabarani, hulipiwa na kubadilishwa jina.

Kuna mbinu ya pili ambayo ni mbaya zaidi kwa sababu imevaa sura ya ukweli. Fundi hutafuta kipande kimoja kilichokufa, hukiondoa, huweka kingine kilichotolewa kwenye betri nyingine chakavu, na gari hutembea vizuri. Muuzaji hutangaza kwamba betri imetengenezwa na risiti ipo. Hajasema uongo. Hata hivyo vipande vilivyobaki vina umri uleule na uchovu uleule, na baada ya miezi michache kinachofuata hulegea. Mnunuzi aliyeambiwa neno la kweli amebaki na picha ya uongo kichwani, na aliyeichora anajua hivyo.

Inasikitisha kwamba magari haya, yanapoondoka Japani, mengi huwa na karatasi inayosema ukweli. Kwenye minada ya kule mkaguzi hulipatia gari daraja, huandika kilomita, huchora alama za kila mkwaruzo na kila bonde, na gari lililowahi kupata ajali kubwa likatengenezwa hupewa alama ya R. Wajapani wenyewe huyauza mapema kwa sababu ukaguzi wa lazima wa serikali, wa kwanza baada ya miaka mitatu na mwingine kila baada ya miaka miwili, una gharama. Gari likishavuka bahari, likapita mikono miwili mitatu, karatasi ile hupotea. Halafu kuna kodi: Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa gari lililozidi miaka minane na mkubwa zaidi kwa lililozidi kumi, na Kenya hairuhusu kabisa kuingiza gari lililozidi miaka minane. Mwenye bajeti ndogo huishia kwenye gari la mkononi lililokwisha kuwapo nchini, lenye historia isiyoandikwa popote. Mwenye kuijua ni mmoja tu, naye ndiye anayeuza.

Katika kitabu cha tatu cha De Officiis, alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma anasimulia ubishi wa wanafalsafa wawili wa madhehebu ya Stoa, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater wa Tarso. Mfano wao wa kwanza ni wa mfanyabiashara aliyefika kisiwa cha Rhodes na shehena ya ngano wakati wa njaa, huku akijua kwamba meli nyingine nyingi za ngano ziko njiani. Awaambie wanunuzi, au auze haraka kwa bei ya njaa? Mfano wa pili ni wa mtu anayeuza nyumba yenye mbao mbovu na nyoka ambao hakuna anayewajua ila yeye. Diogenes alishikilia kwamba muuzaji ataje kasoro zile ambazo sheria inamtaka azitaje, asidanganye, na yaliyobaki ni shauri la mnunuzi. Kutosema si sawa na kuficha. Antipater alimpinga mwalimu wake: binadamu ni jamii moja, na anayemwacha mwenzake aingie hasarani kwa sababu tu hakuulizwa amevunja udugu huo.

Cicero alimuunga mkono Antipater. Kwake, kunyamaza hugeuka kuwa kuficha pale mtu anapotaka, kwa faida yake, wengine wasijue jambo ambalo lingewafaa kulijua.

Haifai kumbeza Diogenes. Soko ambalo kila muuzaji analazimika kueleza kila analolijua duniani haliwezi kuendeshwa, na mnunuzi naye ana macho na akili. Thomas Aquinas, karne ya 13, aliliona hilo na akapasua swali katikati. Mwenye ngano, alisema, hatendi dhuluma asipotaja meli zilizo njiani, ingawa angetaja angekuwa mwema zaidi; jambo hilo ni la bei ya baadaye, halimo ndani ya ngano yenyewe. Kasoro iliyo wazi, kama farasi chongo, haina lazima ya kutangazwa ikiwa bei imepunguzwa kwa haki, maana kila mtu anaiona. Kasoro iliyojificha inayoweza kumletea mnunuzi hasara au hatari lazima isemwe. Kwa gari mgawanyo huu unafanya kazi vizuri ajabu. Muuzaji hana wajibu wa kutabiri kwamba bei za Aqua zitashuka mwakani. Bonde mlangoni linaonekana. Betri iliyo chini ya kiti haionekani, na ndiyo yenye hasara.

Sheria za nchi zimesimama karibu zaidi na Diogenes. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, na ile ya Kenya, Sura ya 31, zote ni watoto wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, iliyotoka katika mila ya kumtaka mnunuzi ajihadhari. Zinampa ulinzi anayenunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa hizo, lakini kwa mtu binafsi anayemuuzia jirani yake gari, ulinzi huo unapungua sana. Na mnunuzi aliyelikagua hana cha kudai kwa kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Mahakama za Kadhi nazo, kwa Kenya, zina mamlaka ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu tu, si mauzo ya magari. Kwa hiyo fikihi ya biashara, yaani sheria ya Kiislamu ya mauziano, yenye utajiri mkubwa katika jambo hili, imebaki kwenye dhamiri za watu. Na huko ndiko swali la betri linakopata majibu makali zaidi.

Tuchukue mnyama aliyefungwa chuchu. Wafugaji wa Arabuni waliokusudia kuuza ngamia au mbuzi walikuwa wakiacha kumkamua siku mbili tatu, kiwele kinajaa, na mnunuzi akikiona anadhani amepata mnyama wa maziwa mengi. Mtume Muhammad (S.A.W.) alikataza jambo hilo, na katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim akampa mnunuzi aliyekwisha kukamua hiari: abaki na mnyama, au amrudishe pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyokamua. Mojawapo ya mapokezi linataja muda wa siku tatu. Wanazuoni wa Kihanafi walikuwa na maelezo yao kuhusu fidia ya tende, lakini wafuasi wa Imam Shafii, ambao ndio wengi kwenye pwani ya Afrika Mashariki, wameishika hadithi hiyo kama ilivyo.

Kiwele kilichojazwa na dashibodi iliyofutwa msimbo ni tendo moja. Katika yote mawili hakuna aliyetamka uongo. Kitu chenyewe ndicho kilichopangwa ili kiseme uongo kwa niaba ya mwenyewe. Na katika yote mawili ukweli hujitokeza baada ya siku chache za matumizi. Hukumu ya karne ya saba iliona kwamba ukaguzi wa siku ya mauzo hautoshi pale muuzaji anapokuwa ameuandaa huo ukaguzi, ndiyo maana ikampa mnunuzi siku za kumjua mnyama. Ni busara ambayo mauziano ya Dar es Salaam, yanayofungwa kwa saa moja nje ya benki, hayana.

Wauzaji wengi wana jibu la mkato: wanauza gari kama lilivyo, na mnunuzi amekubali. Wengine huiandika kabisa kwenye hati ya mauziano. Jibu hili lina kesi yake ya zamani, na Imam Malik ameiweka katika kitabu chake, Muwatta. Sahaba Abdallah bin Umar alimuuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti kwamba hahusiki na kasoro yoyote. Mnunuzi akalalamika kwamba mtumwa ana maradhi ambayo hakutajiwa. Wakapelekana kwa Khalifa Uthman bin Affan. Uthman hakulikataa sharti, lakini alimtaka Ibn Umar aape kwamba alipouza hakujua maradhi hayo. Ibn Umar akakataa kuapa, akamrudisha mtumwa, na baada ya kupona akamuuza kwa dirhamu 1,500.

Msomaji wa pwani hii, ambako soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, ana haki ya kuona uchungu kwamba hukumu hii nzuri ilitolewa juu ya mgongo wa binadamu aliyepangiwa bei. Uchungu huo usifichwe. Hata hivyo kanuni iliyomo ndani yake inasimama peke yake: sharti la kama kilivyo humkinga asiyejua. Anayejua halimkingi, hata akiliandika kwa wino mwekundu na kuweka mashahidi wanne.

Imam Shafii aliikaza zaidi. Katika kauli iliyo mashuhuri ya madhehebu yake, sharti hilo linafaa kwa mnyama tu, kwa kasoro ya ndani tu, na kwa ile ambayo muuzaji hakuijua. Sababu yake ni ya mtu aliyewajua wanyama: mnyama hula akiwa mzima na hula akiwa mgonjwa, tabia yake hubadilika, na ni nadra kumpata asiye na dosari iliyojificha. Mwenyewe anaweza kabisa asijue. Nguo na vyombo havimo katika ruhusa hiyo, kwa kuwa mwenyewe anaweza kuvikagua.

Je, betri ya haibridi ni mnyama au ni chombo? Kwa namna fulani inafanana na mnyama. Ina joto, hula na kutoa, huzeeka kwa kutunzwa vibaya, na kwa nje haionyeshi kitu. Miaka ishirini iliyopita, mwenye Prius mbali na karakana yenye vifaa angeweza kuapa kwa dhati kwamba hajui hali ya betri yake, na kiapo chake kingekuwa cha kweli. Leo hali ni nyingine. Mashine inayochomekwa chini ya usukani husoma volti za kila jozi ya vipande gari likiwa linatembea. Tofauti kati ya jozi yenye nguvu na iliyo dhaifu ikizidi volti moja wakati gari linavuta, kuna jambo. Kipimo huchukua dakika chache, na gharama yake ni ndogo mno mbele ya bei ya gari. Betri imetoka kwenye zizi la wanyama na kuingia kwenye fungu la vitu vinavyokaguliwa.

Hapa ndipo pa kusimama imara. Muuzaji wa leo anayekataa kupima kabla ya kuuza, kwa sababu akipima atajua na akijua atalazimika kusema, hana tena hadhi ya mtu asiyejua. Ameuona ukweli umekaa mlangoni akaamua asifungue. Kutokujua kwa namna hiyo kumechaguliwa, na kilichochaguliwa kina mwenyewe. Akiulizwa swali la Uthman leo, angeweza kuapa kwamba hakujua, na kiapo kisingekuwa cha uongo. Lakini aulizwe swali la pili, kwa nini hakupima wakati feni inanguruma nyuma na alama za chaji zinapanda na kushuka ndani ya dakika tano, na jibu lake la kweli litamuumbua.

Wajibu huu hauishii kwa muuzaji. Imam Ghazali, katika kitabu chake Ihya, anasimulia kisa cha sahaba Wathila bin Asqaa. Mtu mmoja aliuza ngamia jike kwa dirhamu 300 mbele yake. Wathila alighafilika, mnunuzi akaondoka na ngamia. Alipozinduka alimkimbilia huku akipiga kelele, akamuuliza kama amemnunua kwa ajili ya nyama au kwa kupanda. Kwa kupanda, akajibu. Basi, akamwambia, kwato yake ina tundu, nimeliona. Safari ya kufululiza hataiweza. Mnunuzi akarudi, na muuzaji akalazimika kupunguza dirhamu 100. Muuzaji akanung'unika kwamba ameharibiwa biashara yake. Wathila akamjibu kwa yale aliyoyasikia kwa Mtume: si halali kwa anayeuza kutobainisha kasoro, wala si halali kwa mwingine anayeijua kuinyamazia.

Kila kipande cha kisa hiki kina kazi kwenye biashara ya haibridi. Kwanza, swali la nyama au kupanda. Ubovu wa kwato si kitu kwa mwenye kuchinja, na betri dhaifu si kitu kwa anayenunua Prius ili aitoe spea. Kwa mtu wa Kibaha anayelitegemea gari limfikishe kazini kila asubuhi, betri ndiyo kwato. Muuzaji mwaminifu huuliza mnunuzi anataka gari la nini kabla hajajua aseme nini, na mnunuzi mwenye akili hujieleza bila kuulizwa.

Pili, na hili ni zito, Wathila hakuwa na hisa katika mauzo yale. Hakuwa muuzaji, hakulipwa, hakuulizwa. Alikuwa ameona tu. Kwenye biashara ya magari wako wengi walioona: fundi aliyefuta msimbo jana jioni, fundi wa umeme aliyebadilisha kipande kimoja, kijana wa kuosha magari aliyesikia feni, dalali aliyeshuhudia mnunuzi wa kwanza akilikataa gari baada ya kulipima. Utaratibu uliozoeleka ni kwamba fundi haingilii biashara ya watu. Mafundi wana hoja: mteja wao ni muuzaji, siri ya mteja ina heshima yake, na fundi anayeharibia watu mauzo hatapata kazi. Hoja ya siri ina nguvu kwa fundi aliyetengeneza tu. Kwa fundi aliyefuta msimbo akijua gari linapelekwa sokoni, haina nguvu yoyote, maana hakutunza siri. Alishiriki kukijaza kiwele. Na dalali anayelipwa asilimia na pande zote mbili hawezi kudai kwamba mnunuzi ni mgeni kwake.

Kuna pingamizi linalostahili huruma. Muuzaji wa haibridi chakavu mara nyingi si tajiri. Alinunua gari kwa mkopo, naye akauziwa mbuzi kwenye gunia, taa ikawaka mwezi wa pili, na sasa marejesho yanadaiwa. Kumwambia aseme ukweli ni kumwambia abebe peke yake hasara iliyopikwa na mwingine. Ni kweli, na ni uonevu. Lakini kunyamaza kwake hakuifuti hasara hiyo. Kunaihamisha tu kwa mwalimu au muuguzi mwingine mwenye mkopo kama wake, ambaye naye atashawishika kuisukuma mbele. Anayestahili kudaiwa ni aliyemuuzia. Mnunuzi wa kesho hana deni naye.

Kile kinacholipata soko zima kilielezwa na mchumi George Akerlof mwaka 1970, katika makala fupi ambayo majarida matatu yalikuwa yameikataa na ambayo baadaye ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 2001. Mfano wake mkuu ulikuwa magari yaliyotumika. Wanunuzi wasipoweza kutofautisha zima na bovu, hukubali kulipa bei ya katikati tu. Mwenye gari zima huona anapunjwa, hujitoa sokoni. Wastani wa ubora hushuka, bei hushuka tena, na wazuri wengine hujitoa. Hadithi ya Hakim bin Hizam, waliyoipokea Bukhari na Muslim, inasema muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa katika mauziano yao, na wakificha na kudanganya baraka hiyo hufutwa. Akerlof hakuandika kuhusu baraka, lakini alionyesha kwa hesabu namna uficho unavyoweza kulikausha soko hata kwa wasioficha. Mwenye Aqua iliyotunzwa, mwenye kusafisha ile feni kila mwaka, leo hulipwa bei ileile na aliyeiacha izibe. Huyo amedhulumiwa na watu asiowajua.

Tusiache mnunuzi bila neno. Uzee si kasoro, na anayenunua gari la miaka kumi na minne hana haki ya kudai betri ya mwaka mmoja; mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi, ni farasi chongo wa Aquinas. Pia yuko mnunuzi mjuzi, hasa dalali au fundi, anayemkuta mjane akiuza gari la marehemu mumewe bila kujua thamani yake, akalipima kimyakimya, akakuta betri nzima, na kulichukua kwa bei ya chuma chakavu. Sahaba Jarir bin Abdillah, kwa mapokezi ya Tabarani, alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300. Alipomwona farasi alimfuata aliyemuuza, akamwambia farasi wako ana thamani zaidi, akaendelea kumwongezea mpaka akamlipa 800. Jarir alikuwa amempa Mtume ahadi ya kumtakia mema kila Mwislamu. Huo ni upeo wa juu ambao wachache wanaufikia, lakini unathibitisha kwamba wajibu unamfuata mwenye ujuzi, awe anauza au ananunua.

Basi anayetaka kuuza haibridi aanzie kwa fundi kabla ya kwa dalali. Betri ipimwe gari likiwa barabarani, volti za kila jozi ziandikwe pamoja na tarehe na kilomita, vipande vilivyowahi kubadilishwa vitajwe idadi, na karatasi hiyo iambatane na hati ya mauziano. Bei ishuke ikibidi ishuke. Mafundi wanaojiheshimu wakatae kufuta msimbo wa gari wanaloambiwa linakwenda sokoni. Mnunuzi naye aombe siku tatu za kuliendesha, fedha zikiwa kwa mtu wa tatu anayeaminiwa na wote wawili, au angalau alipeleke kwa fundi aliyemchagua mwenyewe. Na muuzaji anayekataa gari lisipimwe ameshajibu swali. Mnunuzi amshukuru, aondoke.